Kontena la Taka: Pima Uzito Kabla ya Ukubwa

BARAKA: Karibuni tena kipindini. Leo tunazungumzia kontena la taka, lile la chuma ambalo lori hulishusha nje ya nyumba yako, ukalijaza, kisha likaja kuchukuliwa. Dada Zuhura, wewe umelikodi juzijuzi.

ZUHURA: Ndiyo, tulipokuwa tunaondoa vitu kwenye nyumba ya marehemu baba. Nilipotazama mzigo ulivyo, nikaagiza kontena kubwa kuliko yote waliyokuwa nayo. Hapo ndipo nilipokosea.

BARAKA: Kubwa si ndiyo afadhali?

ZUHURA: Inategemea unatia nini, kaka. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa kama tani moja na nusu. Sasa jaza udongo kontena la mita 6 za ujazo: tani 9 hizo. Malori mengi yanayonyanyua makontena kwa minyororo hayauwezi mzigo huo. Kwa hiyo makontena makubwa ni ya vitu vyepesi, kama makochi, mbao, maboksi. Sisi tulikuwa tumebomoa kibanda cha uani, kifusi chote tukakimwaga humo. Dereva alipojaribu kunyanyua, magurudumu ya mbele ya lori yakaanza kuinuka. Akarudisha chini. Siku iliyofuata yote tulishinda tunapunguza kwa koleo.

BARAKA: Pole sana. Kwa hiyo kifusi kinataka kontena lake.

ZUHURA: Dogo, na lisichanganywe na kitu kingine. Kifusi kikiwa peke yake husagwa kikatumika tena kujazia barabara. Kikichanganyika na magodoro na nguo, nani atakaa kukichambua?

BARAKA: Na kujaza je? Nimeona watu wanasimamisha mbao pembeni ili waongeze kimo.

ZUHURA: Wasifanye hivyo. Mwisho ni ukingo wa chuma. Kinachozidi pale kinaweza kuanguka njiani kikamuumiza mwendesha pikipiki, na dereva ana haki ya kukataa mzigo. Makabati yafungue vipande vipande, milango na mbao vilale chini, droo uzijaze vitu vidogo. Kabati likiingia zima, umelipia hewa. Na usiku funika turubai, maana zulia likilowa mvua linakuwa zito ajabu.

BARAKA: Mimi nataka tukae kidogo kwenye vitu visivyoruhusiwa, kwa sababu watu wanavificha chini.

ZUHURA: Tafadhali tukae hapo. Betri ndizo zinaniogopesha zaidi. Betri za lithiamu, za simu, za vifaa vya kuchaji, zikibanwa na mashine zinashika moto. Anayeungua ni kijana aliyeko kwenye kituo cha kuchambulia taka, wala hajui nani alizitupa. Mitungi ya gesi ni vilevile, hata ukidhani imeisha. Friji zina gesi inayotakiwa kutolewa na fundi. Taa ndefu za mirija zina zebaki.

BARAKA: Na mabati ya zamani ya asbestosi?

ZUHURA: Usiyaguse wala usiyavunje. Nyuzi zake zikiingia mapafuni zinaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Ita wanaoifanya kazi hiyo. Halafu kuna hizi dari za jasi, watu hawazifikirii. Zikizikwa dampo pamoja na taka zinazooza, katika unyevu, hutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu inayonuka yai viza. Ziwekwe kando.

BARAKA: Mahali pa kuliweka?

ZUHURA: Ndani ya uwanja wako ikiwezekana, juu ya mbao nene ili chuma kisipasue sakafu. Likikaa barabarani, uliza kibali kwanza, na usiku liwe na taa au viakisi.

BARAKA: Ukirudia leo ungebadilisha nini?

ZUHURA: Siku. Niliagiza kontena lije siku ileile tuliyoanza kupanga vitu, na likishakuwepo mlangoni kila mtu anatupa tu. Ningeanza kupanga wiki nzima kabla. Jioni ya siku ya pili nilimkuta mdogo wangu ameingia ndani ya kontena na tochi, anatafuta daftari la baba la hesabu za shamba.

BARAKA: Alilipata?

ZUHURA: Alipata nusu yake.