Ndiyo, nilikuwa jeshi la Marekani. Nilikuwa stoo

Jamani habari zenu. Leo hata muziki wa mwanzo sijaweka, naingia moja kwa moja. Nipo ndani ya gari hapa Killeen, Texas, nje ya ghala ninapofanya kazi, na nina kama dakika arobaini kabla sijaingia zamu. Mkisikia mngurumo ni kiyoyozi. Nikikizima naiva.

Swali ni lile lile. Niweke video ya bei za nyumba, niweke ya kupika makande, chini yake lazima atokee mtu: "Kamanda, ulipigana wapi? Uliua wangapi?" Tangu mwezi uliopita swali limeota mkia: "Mbona kuna Mtanzania mwenzako huko anasema alikuwa komando, nishani zimejaa kifua kizima, na wewe jeshi ni hilo hilo, mbona husemi chochote?"

Najua kitakachofuata. Nikijibu, najimwambafai. Nikinyamaza, kumbe alifukuzwa huyu. Nikisema ukweli, analialia, si arudi tu nyumbani. Haya, chagueni moja, mimi leo najibu.

Nilikuwa stoo.

Nilikuja kwa bahati nasibu ya grini kadi. Mwaka 2015 nikajiunga na jeshi kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa inanishinda, mapenzi ya bendera nisiwadanganye, hayakuwepo. Wiki kumi za mafunzo ya awali Fort Jackson kule South Carolina, kisha shule ya stoo Fort Lee, Virginia. Kazi yangu ina namba, 92Y, na kwa Kiswahili cha kwetu Muheza ni mtunza stoo wa kikosi. Buti, mahema, nyavu, makufuli, darubini za kuonea usiku. Kila kitu kina namba yake, na kila namba ina mtu aliyeitilia saini. Kamanda akibadilishwa, yule anayeingia hapokei mpaka mali ihesabiwe kipande kwa kipande. Kuna safari darubini moja ilipotea, kikosi kizima kikazuiwa kwenda makwao. Siku mbili tunakung'uta mabegi. Tuliikuta imefungwa ndani ya soksi, soksi ndani ya buti, buti chini ya kitanda cha kijana mmoja ambaye alisema aliificha ili isipotee.

Hiyo ndiyo vita yangu ninayoikumbuka vizuri.

Nje nilipelekwa mara moja, Kuwait, kambi ya Arifjan, miezi tisa. Nilipambana na vumbi, makontena, na sajenti wangu aliyekuwa hawezi kusoma mwandiko wake mwenyewe. Mshahara wa kuanzia mwaka ule haukufika dola 1,600 kwa mwezi kabla ya makato. Nilitoka baada ya miaka minne na cheo cha Specialist. Hicho kwetu hakipo, kiko juu ya praiveti na chini ya sajenti. Basi. Kuna Watanzania na Wakenya humu waliokwenda Afghanistan na wakaona mambo mazito, na kila mmoja na njia yake, mimi naongelea ya kwangu.

Sasa huyo mwenzetu. Simtaji, na msije kumtaja kwenye komenti, nitafuta. Nimeangalia video zake mbili mlizonitumia. Anasema alikuwa Green Beret. Kwenye picha amevaa bereti ya rangi ya damu ya mzee. Ndugu zangu, hata jina linasema, hao makomando bereti yao ni ya kijani! Ya damu ya mzee ni ya askari wa miamvuli. Unatunga uongo wa jeshi zima halafu unakosa shilingi ya rangi?

La pili, anasema alifika kwa grini kadi na ndani ya miezi sita alikuwa tayari komando. Kule hawachukui asiye raia, maana kunahitaji kibali cha kuona mambo ya siri na kibali hicho ni cha raia. Uraia wenyewe kupitia jeshi unaweza kuja haraka, mimi niliupata mwishoni mwa mafunzo ya awali na sikulipa hata senti. Lakini mafunzo ya wale watu peke yake yanakula mwaka na zaidi, na hapo umeshachujwa. Miezi sita mimi nilikuwa bado nafundishwa kujaza fomu.

Halafu mtu mmoja akamwomba aonyeshe karatasi, akajibu karatasi zake ni siri ya serikali. Hiyo ni chai. Ukitoka jeshini unapewa fomu inaitwa DD 214. Ndiyo cheti chako cha maisha, inaonyesha uliingia lini, ukatoka lini, kazi yako, nishani zako, na umetoka kwa heshima au kwa fedheha. Bila hiyo hupati mkopo wa nyumba wa wanajeshi, hupati ada ya chuo. Komando naye anayo. Shughuli aliyoifanya usiku inaweza kuwa siri, lakini kwamba alikuwa jeshini si siri. Hata wewe uliyeko Korogwe unaweza kuandikia ofisi ya kumbukumbu St. Louis, Missouri, ukaomba taarifa za msingi za mtu, na sheria inaruhusu.

Mara ya pili akabadilisha, akasema ziliungua. Na hapa nilicheka mpaka nikasimamisha gari. Ni kweli St. Louis kuliungua, tarehe 12 Julai 1973, yakateketea majalada kati ya milioni 16 na 18. Lakini yalikuwa ya askari wa nchi kavu waliotoka kati ya 1912 na 1960, na ya baadhi ya watu wa jeshi la anga mpaka 1964. Huyu bwana kwa maneno yake mwenyewe kazaliwa 1986. Moto ule unawaka, mama yake alikuwa darasa la nne.

Mimi nina uchungu na hiyo karatasi, ndiyo maana naongea hivi. Yangu ilitoka na jina la babu limekatwa herufi moja. Herufi moja! Kurekebisha kunahitaji fomu nyingine, DD 215, na ofisi niliyoandikia ikanirudisha kwa ofisi nyingine, ile nyingine ikasema niambatanishe cheti cha kuzaliwa kilichotafsiriwa, nikalipia tafsiri, wakasema mtafsiri hakuweka tarehe. Miezi minane. Mimi niliyelala kwenye mchanga sina karatasi iliyonyooka, na mwenzangu ambaye hana kabisa anaitwa mgeni rasmi.

Mnauliza, kwani sheria haimkamati? Ilijaribu. Kulikuwa na sheria ya 2005 iliyofanya kosa kudai nishani ambayo hukupewa. Akatokea mtu California, Xavier Alvarez, mjumbe wa bodi ya maji. Mwaka 2007 akasimama kikaoni kujitambulisha, akasema ametumikia kikosi cha Marines miaka 25 na ana nishani kubwa kuliko zote nchini humo. Hakuwa amevaa sare hata siku moja. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, na mwaka 2012 majaji sita kwa watatu wakaifuta sheria, wakisema uongo mtupu nao unalindwa na uhuru wa kusema. Mwaka uliofuata ikaja sheria mpya: kosa ni kudanganya kuhusu nishani ili upate fedha, mali au faida fulani. Yaani kujisifu baa ruksa, kuchangisha kwa kujisifu hapana.

Na hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha, maana mwenzetu hajaishia baa.

Mwezi uliopita nilipigiwa na mama mmoja wa kwetu, nimekua nacheza na wanawe. Nikamwamkia, shikamoo mama. "Marahaba baba, mzima? Nilikuwa nauliza tu, mwanangu atasafiri lini?" Asafiri kwenda wapi? Kumbe bwana komando amemwambia ana nafasi ya kuingiza vijana jeshi la Marekani moja kwa moja kutoka Tanga. Ada ya faili, ada ya vipimo, ada ya kiapo. Milioni tatu na nusu. Yule mama aliuza machungwa yake ya msimu mzima yakiwa bado juu ya mti, na mnajua aliyenunua yakiwa mtini alimlipa bei gani.

Nisikilizeni, na hili silisemi kama ushauri wangu binafsi. Kujiunga na jeshi la Marekani hakulipiwi. Mtihani bure, vipimo bure, anayekuandikisha analipwa na serikali. Na huwezi kujiunga ukiwa Tanzania. Lazima uwe raia au una grini kadi, na uwe tayari unaishi huku. Kulikuwa na mpango fulani kati ya 2009 na 2016 uliochukua watu wasio na grini kadi wenye lugha adimu, na Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha, nadhani ndiko huyu alikookotea habari. Lakini hata hao walikuwa tayari wapo Marekani kihalali. Hakuna aliyefuatwa Muheza.

Nikamweleza mama yote hayo taratibu. Akanyamaza. Halafu akasema kwa upole kabisa: "Sawa baba. Ila wewe si ulikuwa stoo? Haya ya wakubwa utayajulia wapi."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu.

Maana yule mama ameniamini. Ameniamini kwamba nilikuwa stoo, na kwa sababu hiyo haniamini kwa lingine lolote. Mwenzangu mwenye bereti ya rangi isiyo yake, ndiye mwenye neno.

Na msidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Nikiwa kijana kulikuwa na Mwingereza mmoja pale Pangani, akikodisha boti kwa watalii. Bia ya kwanza alikuwa fundi boti. Bia ya tatu, amepigana Falkland. Vita ile ni ya 1982. Siku moja alitwambia umri wake akiwa amesahau, tukapiga hesabu kwenye mchanga, alikuwa na miaka tisa. Lakini pale Pangani nani angembishia? Hakuna aliyesoma naye, hakuna anayemjua shangazi yake. Sisi tuko Texas tunafanya yale yale kwa upande wa pili. Huku hakuna anayedanganywa, mji huu kila baada ya nyumba moja kuna mstaafu wa jeshi, ukisema neno moja la uongo dukani utaulizwa kikosi gani, mwaka gani, nani alikuwa sajenti mkuu. Uongo unasafirishwa kuja kwenu.

Sasa na mimi niseme langu kabla hamjalifukua. Mwaka 2019 nilikuja. Na kuja kwenyewe, kwa kuwa uraia pacha kwetu hakuna, nilipanga foleni ya wageni Dar es Salaam na kulipa viza dola 100 kwenda kwenye kaburi la bibi yangu aliyenilea. Hilo nitalifanyia video yake, leo nitatukana bure. Nilipofika kukawa na sendofu ya binamu yangu. MC akashika kipaza sauti: "Na sasa, kutoka jeshi la Marekani, Kapteniii..." Ukumbi ukalipuka. Kina mama vigelegele. Mimi nikasimama.

Nikapunga mkono.

Ningeweza kusema kitu. Kipaza sauti kilinifikia kabisa, nikasema "asanteni sana" nikakaa. Kuku wangu aliletwa mzima. Kwa hiyo anayesema namwonea wivu yule bwana, sikatai sana.

Aliyeniuliza swali la maana safari ile ni baba mdogo mmoja tu. Yeye alikwenda Kagera 1978, akaendelea na jeshi letu kwa miguu mpaka Kampala. Alinivuta pembeni nikajua anataka kusikia mabomu. Akauliza, "Buti mlikuwa mnapata saizi zenu?" Nikamwambia ndiyo baba, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kila mtu saizi yake. Akatikisa kichwa. Yeye alipewa zinazompwaya namba mbili, akawa anazijaza matambara. Tukaongea buti karibu saa nzima.

Haya, zamu inaingia, naona wenzangu wanatoa kadi. Mkiwa na swali la stoo, ulizeni. Mama wa machungwa bado nafuatilia, nimemwomba anitumie risiti za simu zote alizolipia, ameniahidi, ila anasema kwanza amuulize yule bwana kama inaruhusiwa.

Na la mwisho, kamati ya harusi ya mdogo wangu, najua mnaniangalia. Kadi nimeiona kwenye simu. Mmeandika "Kapteni Mstaafu". Nilimpigia mwenyekiti jana, nikamwambia kaka, futeni hilo, andikeni jina tu. Akaniambia zimeshachapwa mia tatu, na nusu zimeshagawiwa.

Kisha akaniuliza mchango wangu nimepanga shilingi ngapi.