Kwa Mama wa Upasuaji, Dakika 5 Ni Nyingi

(Mhadhara kwa watoa dawa za usingizi, Tabora)

Wenzangu, sheria ya dakika 5 mnaijua. Aliyepewa usingizi au ganzi ya mgongo apimwe presha angalau kila dakika 5. Nalia na hilo neno "angalau", maana tukifika kwa mama anayejifungua kwa upasuaji tunalimeza.

Tuchukue mfano. Saa 4 kamili ganzi imeingia, mama amelazwa, presha 122/76. Mishipa ya miguu inalegea, damu inatuama huko chini. Tumbo nalo limelalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Saa 4 na dakika 2, presha 104/60. Dakika ya 4, 74/38! Uliyeseti mashine ipime kila dakika 5 bado unatazama 122/76 kwenye skrini, na mtoto anapata damu kwenye kondo kwa presha ya mama huyo huyo.

Kwa hiyo ganzi ikiingia tu, seti kila dakika 1 mpaka mtoto atoke. Presha ikitulia, nenda 2, kisha 5. Mama akisema "nasikia kichefuchefu", usikimbilie dawa ya kuzuia kutapika; bonyeza presha kwanza. Shuka lililokunjwa liwe chini ya nyonga ya kulia tangu mwanzo ili aegemee kushoto. Fungulia dripu. Kama fenilefrini, dawa ya kupandisha presha, haipo, efedrini inayofanya kazi hiyo hiyo iwe imeshavutwa: miligramu 30 ukizizimua hadi mililita 10, kila mililita ina miligramu 3. Mpe mililita 2 au 3, pima tena.

Mtaniambia oksijeni ya damu inasoma 99. Jamani, inaweza kusoma 99 na presha iko 70! Mtaniambia mkono wa mama utaumia. Utaumia ukisahau kurudisha dakika 5 baada ya hapo, maana mkanda wa presha unaobana bila kupumzika unazuia damu na kugandamiza neva.

Na mkanda usifungwe mkono wenye dripu. Kila ukijaa upepo dripu inasimama, na efedrini uliyosukuma inakwama njiani wakati unaihitaji. Mkanda mwembamba kwenye mkono mnene nao unapandisha namba, unaambiwa 100 kumbe ni 85.

Wa nusu kaputi sijawagusa, muda umekwisha. Ila umeme ukikatika na kurudi, kagueni monita: nyingine zinasahau dakika mlizoseti, na mashine ya presha ya mkono na stetoskopu viwe pale pale kichwani pa meza.