Watu Wote Mnakaribishwa, Lakini Mazoezi Yanaisha Saa Ngapi?

MWAJUMA: Karibuni tena wasikilizaji. Mimi Mwajuma, na mwenzangu Baraka leo kaja na hoja mkononi, mnamjua akiwa hivyo. Tunaongelea vikundi vya maigizo vya kujitolea hapa Dar, vile visivyotafuta faida, vinavyoandika kwenye bango: watu wote mnakaribishwa, kabila lolote, dini yoyote, mwenye ulemavu, asiye na ulemavu.

BARAKA: Bango ni karatasi tu, dada. Nionyeshe ratiba ya mazoezi, nitakwambia nani kakaribishwa.

MWAJUMA: Umeshaanza.

BARAKA: Nisikilize. Mazoezi Masaki, siku za kazi, saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu usiku. Kuna dada anauza dukani Kariakoo, anakaa Mbagala. Kwenda atajitahidi. Kurudi je? Saa tatu usiku agombee gari, ashuke, apande jingine, afike kwake watoto wamelala. Wiki mbili za mwanzo utamwona. Ya tatu wanaanza: "Ah, yule hakuwa na moyo wa sanaa." Hakuna aliyemfukuza. Ratiba ndiyo imemfukuza.

MWAJUMA: Sawa, lakini nauli itoke wapi? Vikundi hivi hakuna anayelipwa. Mwongozaji mwenyewe maji ya waigizaji ananunua kwa hela yake.

BARAKA: Kikundi chetu kiliamua hivi: kikipatikana chochote, nauli inatengwa kwanza, maleba baadaye. Maleba tunaazima. Mfalme wetu mwaka jana alivaa joho la mahafali la binamu yake mtu.

MWAJUMA: (anacheka) Joho la mahafali! Watazamaji hawakushtuka?

BARAKA: Walishtuka, wakacheka, wakaendelea kutazama. Mfalme mwenyewe alikuwa anajua kuigiza, ndiyo habari.

MWAJUMA: Mimi nataka turudi nyuma kidogo, maana hili jiji lilipangwa kutenganisha watu tangu mwanzo. Wakati wa mkoloni Oysterbay ya Wazungu, katikati ya mji Uhindini, Waafrika Kariakoo na Ilala. Maigizo nayo yakafuata ramani ile ile. Kule Barabara ya Haile Selassie kuna Little Theatre, michezo yake kwa Kiingereza. Mtoto wa Ilala angefikaje pale?

BARAKA: Kama mtunza bustani.

MWAJUMA: Umesema wewe. Halafu njoo miaka ya themanini na tisini, vikundi vya burudani vya Muungano na TOT, yaani Tanzania One Theatre. Kiingilio kimoja, unapata ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza, na taarabu ya kufungia. Fundi gereji na karani wa benki meza moja, wanabishana nani mkali kati ya vikundi viwili. Hakuna aliyeandika neno "ujumuishi" popote.

BARAKA: Hapo nakuunga mkono nusu. Zile zilikuwa kumbi za baa, usiku. Bibi yangu asingekanyaga. Mama mwenye mtoto mgongoni je? Kila jukwaa lina watu linaowaacha nje bila kujua, na wale wa nje hawapo pale kulalamika.

MWAJUMA: Hiyo ni kweli.

BARAKA: Halafu kuna hili la nafasi za kuigiza, linanikera kuliko yote. Mwigizaji mwenye asili ya Kihindi akija, mpe duka. Kila mchezo, mpe duka! Mzungu awe mkoloni au mfadhili. Mmasai mlinzi, na Mchaga lazima ahesabu hela. Huyo mwenye asili ya Kihindi kazaliwa Upanga, baba yake kazaliwa Upanga, Kiswahili anachoongea kinakushinda wewe, lakini jukwaani anaambiwa avunje vunje maneno ili watu wacheke.

MWAJUMA: Hapo nitakubishia. Sisi ni watu wa utani. Mnyamwezi na Mzaramo wataniane mpaka msibani, na hakuna anayenuna. Ukiondoa utani wa makabila kwenye vichekesho vyetu, utabaki na nini? Semina.

BARAKA: Lakini utani una wenyewe, dada. Mtani ni yule anayeweza kukurudishia. Ukimtania akanyamaza kwa sababu hana nafasi ya kujibu, huo si utani tena. Kwa hiyo mimi nasema: mpe huyo kijana wa Upanga nafasi ya mtani, ajibu. Au mpe Kinjeketile.

MWAJUMA: Kinjeketile? Mhindi?

BARAKA: Umeona uso wako? Wasikilizaji hamumwoni, ila amekunja. Mchezo wa Ebrahim Hussein, 1969, unahusu Vita vya Maji Maji, lakini unahusu pia watu waliokuwa hawaaminiani kwa ajili ya makabila yao, mpaka wakapata kitu cha kuwaunganisha. Mimi naona akicheza yule kijana, swali hilo linakuja kutugusa sisi wa leo.

MWAJUMA: Au watazamaji wanatoka wanaongelea rangi ya mwigizaji tu, mchezo wenyewe umepotea. Sikatai. Nasema ni kazi, si uamuzi wa kikao kimoja.

BARAKA: Haya. Kuna nyumba moja Marekani, mji wa Cleveland, inaitwa Karamu House. Jina la Kiswahili kabisa. Ilianzishwa mwaka 1915 na mke na mume, Russell na Rowena Jelliffe, Wazungu, kwenye mtaa wa watu waliochanganyika. Wakati ule kumbi nyingi kule zilitenganisha weusi na weupe. Wao wakaweka weusi na weupe jukwaa moja. Langston Hughes, yule mshairi Mmarekani mweusi, akiwa kijana alikuwa anashinda pale, na baadaye michezo yake ikachezwa pale pale. Mwaka 1939 ukumbi ukaungua, wakaendelea, wakajenga tena. Nyumba ipo mpaka leo.

MWAJUMA: Zaidi ya miaka mia. Vikundi vyetu vinakufa mfadhili akifunga begi.

BARAKA: Hilo tulifanyie kipindi kizima.

MWAJUMA: Tuelezee yule kijana kiziwi. Ulinisimulia nje, nataka wasikilizaji wasikie.

BARAKA: Alikuja na rafiki yake anayemtafsiria. Tatizo letu lilikuwa moja: anaingia jukwaani kwa ishara ya ngoma, na ngoma haisikii. Mwongozaji akataka mtu amguse bega kutoka nyuma ya pazia. Yeye akakataa, akasema kwa alama kwamba ataonekana anasukumwa kama mbuzi. Basi mpiga ngoma wetu, mzee mmoja hana maneno mengi, akainama, akailaza ngoma kubwa kwenye sakafu ya mbao, akapiga. Kijana akavua viatu. Kuanzia siku ile anaingia peku, na hajawahi kuchelewa hata mpigo mmoja. Wanaochelewa ni sisi wenye masikio.

MWAJUMA: Na watazamaji viziwi?

BARAKA: Mwanzoni mkalimani wa lugha ya alama tulimweka pembeni, kwenye kona yenye giza. Hovyo kabisa. Unatazama mkalimani, mchezo unakupita. Sasa anavaa maleba, yumo ndani ya mchezo, anatembea na wahusika. Kuhusu ngazi, kuna ukumbi mmoja mwenye nao alituambia mwenye kiti mwendo abebwe tu. Tukaondoka. Tulicheza uwanjani, chini, watu wamezunguka duara kama kwenye ngoma. Hakuna ngazi uwanjani.

MWAJUMA: Mvua je?

BARAKA: Ilinyesha siku ya pili. Tukahamia chini ya bati la soko.

MWAJUMA: Sasa swali langu, na usinikwepe. Mchezo wenyewe nani anauchagua? Maana mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu, kina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakubeba mchezo mkobani. Walikaa na wanakijiji, wakazungumza nao, na wanakijiji ndio wakasema linalowauma: vijana, na mimba za wasichana. Mchezo ukatoka hapo. Nyinyi mnafanya hivyo?

BARAKA: Sisi kamati inachagua.

MWAJUMA: Kamati ya watu wangapi?

BARAKA: Saba.

MWAJUMA: Kiziwi yupo?

BARAKA: Hayupo. Bado.

MWAJUMA: Yule wa Upanga?

BARAKA: Mwajuma...

MWAJUMA: Najibiwa au sijibiwi?

BARAKA: Hayupo. Uchaguzi ni mwezi ujao, na wote wawili nimewapelekea fomu mwenyewe. Kijana kiziwi ameshajaza. Ameuliza kama siku ya mkutano kutakuwa na mkalimani, nikamwambia nitahakikisha kabla sijaita watu.

MWAJUMA: Na umehakikisha?

BARAKA: Kesho asubuhi nampigia.

MWAJUMA: Mpigie leo. Wasikilizaji, tunamzimia kinasa sauti hapa, apate kupiga simu.