Stadi za Ekzosi Kwenye Gari la Turbo: Ipe Manifoldi Nafasi ya Kutembea

Ndugu mafundi, na nyinyi wenye magari ya turbo mliokuja kusikiliza, asanteni kwa kufika. Nimekuja kuzungumzia kitu kidogo chenye gharama kubwa: stadi, yaani bolti zisizo na kichwa, zinazoshika manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote) kwenye silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini). Zikikatikia ndani, kazi ya kubadilisha gasketi hugeuka kazi ya kushusha hedi. Na lawama kwa kawaida huiangukia stadi: "Hizi feki, tafuta ngumu zaidi." Mimi nasema stadi nyingi zilizokatika hazikuwa na kosa. Zimevunjwa na manifoldi iliyokosa pa kutembea.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabishana hadi jioni. Chuma cha kusubu, kile kinachotengenezewa manifoldi nyingi, hurefuka kama milimita 1.1 kwa kila mita joto likipanda nyuzi 100 za Selsiasi. Aluminiamu ya hedi hurefuka mara mbili ya hapo, kama 2.3. Ukiishia hapo utadhani hedi ndiyo itakayorefuka zaidi. Sasa angalia joto lenyewe. Hedi inapoozwa na maji, hukaa karibu na nyuzi 100. Manifoldi ya turbo ikiwa kazini huweza kupita 700, na kwenye injini za petroli moshi unaopita ndani huweza kufika 950 na zaidi. Basi manifoldi ya sentimita 40 itarefuka milimita 3 hivi, na hedi iliyo nyuma yake haifiki hata milimita 1. Ukipima kutoka katikati, kila ncha imehama zaidi ya milimita 1 mbele ya stadi zake. Ndiyo maana zinazotangulia kukatika ni zile za mwisho, kushoto au kulia.

Ubaya zaidi uko kwenye kupoa, na hapa naomba tutulie. Manifoldi iliyobanwa isiteleze, ikipata moto hutaka kurefuka na haina pa kwenda. Chuma kikiwa chekundu ni laini, kwa hiyo hujisindika chenyewe na kubaki kifupi. Kikipoa husinyaa kuanzia kwenye ufupi ule mpya, na kuzivuta stadi za mwisho kuelekea katikati. Safari moja haivunji kitu. Lakini kila safari huongeza kidogo, ufa huanzia kwenye mzizi wa uzi, na stadi huweza kukatika gari likiwa limeegeshwa.

Mkitaka kuliona jambo hili kwa macho, chukueni manifoldi iliyotumika miaka mingi muijaribishe kwenye stadi mpya. Matundu ya katikati yataingia vizuri. Ya pembeni yatagoma, yamesogea ndani. Hapo ndipo mtu huomba nyundo. Tafadhali, msifanye hivyo! Stadi iliyoingizwa kwa nyundo imeshapinda kabla injini haijawashwa. Chukua tupa, panua yale matundu ya mwisho kwa upande, yawe ya mviringo mrefu, kisha weka wosha nene na ngumu ifunike nafasi hiyo. Tundu la katikati libaki limebana kidogo, ili lishike manifoldi mahali pake, na pande mbili ziteleze.

Kabla ya hapo, weka rula iliyonyooka juu ya uso wa manifoldi na upitishe filagauji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Ikizidi kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, ipeleke ikachongwe. Kuilazimisha manifoldi iliyopinda ilale kwa kukaza nati ni kuipa stadi mzigo usio wake.

Kukaza nako kuna adabu yake: anza katikati, nenda nje, kwa awamu. Stadi za M8 (kipenyo milimita 8) mara nyingi huhitaji kukazwa kwa nyutoni-mita 20 hadi 25, lakini mwenye amri ni kitabu cha gari lako. Na kitabu kikisema uzi uwe mkavu, uwe mkavu, kwa sababu uzi uliopakwa dawa ya kuzuia kukwama hubana zaidi kwa toki (nguvu ya kukaza) ileile. Ukitakiwa kupaka, tumia ya nikeli au shaba; grisi ya kawaida huungua. Mwisho wa stadi unaoingia kwenye aluminiamu haupigwi toki kubwa kamwe, na kwenye baadhi ya injini tundu lake hufika kwenye njia ya maji, hivyo hutaka silikoni ya kuziba inayohimili joto.

Kuhusu stadi ngumu kupindukia, sipendekezi kabisa zile zenye alama ya ugumu 12.9. Ugumu wake umepatikana kwa kupikwa na kupozwa kiwandani, na moto wa ekzosi huuondoa. Tafuta stadi iliyotengenezwa kwa ajili ya joto. Kama nafasi ipo, tumia ndefu zaidi na uweke bushi ya chuma chini ya nati. Stadi ndefu hujipinda kidogo na kurudi, fupi hukatika.

Halafu kuna uzito. Turbo imening'inia pale, na bomba la ekzosi linavuta kutoka chini. Mara ngapi mmeona breketi ya turbo (kishikio kinachobeba uzito wake) imeachwa pembeni kwa sababu bolti yake ni ngumu kufikiwa? Ile breketi si pambo. Bila hiyo, kila mtikisiko wa injini unabebwa na stadi. Angalieni pia injini mauntini (vishikio vya mpira vya injini) zilizochoka na kile kipande cha bomba kinachonyumbuka: kikishikamana, injini ikicheza, manifoldi inang'olewa.

Wenye magari, kazi yenu ni masikio. Mlio wa tik-tik asubuhi injini ikiwa baridi, unaopotea ikipata moto, ni moshi unaovuja mpaka chuma kirefuke na kuziba. Fungua boneti utafute masizi meusi pembeni ya hedi. Ukichelewa, stadi jirani hubeba mzigo wa mwenzake nayo ikafuata. Na msiimwagie maji manifoldi ikiwa ya moto.

Nimeulizwa kuhusu zile zilizokwisha kukwama. Mwagia mafuta ya kupenya jioni, uache hadi asubuhi. Pasha nati moto, si stadi. Ikianza kulegea usikimbilie kuifungua: irudishe kidogo, ifungue kidogo, tena na tena. Na iliyokatika usawa na hedi, kabla ya kushika drili, chomelea nati juu yake. Joto la kuchomelea lenyewe huilegeza, na ukisubiri ipoe kidogo, mara nyingi hutoka kwa spana ya kawaida.