Mafuta ya sangara kwenye dizeli: moshi, nguvu na filta

Ndugu mafundi, na ninyi wenye mashine za kusaga, leo tunazungumzia bayodizeli, yaani mafuta ya samaki au ya kukaangia yaliyogeuzwa yatumike kwenye injini za dizeli tu. Injini ya mtumbwi inayokunywa petroli msiiguse na mafuta haya.

Hapa Mwanza tunayo mafuta ya matumbo ya sangara na yale yaliyokwisha kukaangia chipsi. Yote huja na maji na asidi. Pasheni hadi nyuzi 110 mpaka mapovu yaishe, kisha pimeni asidi. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda katika lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Weka mililita 1 ya mafuta kwenye mililita 10 za isopropanoli (aina ya alkoholi) na matone mawili ya fenolftaleini (dawa ya kuonyesha rangi), halafu dondosha maji ya kostiki hadi rangi ya waridi ikae nusu dakika. Yakitumika mililita 3 za maji hayo, kila lita ya mafuta inataka gramu 3.5 za kawaida za kostiki soda, ongeza 3, jumla 6.5. Kwa lita 20 ni gramu 130, ziyeyushwe kwanza katika lita 4 za methanoli (alkoholi ya viwandani). Mimina kwenye mafuta, koroga saa moja kwa nyuzi 55. Methanoli huchemka kwenye 64.7, mvuke wake ni sumu na hushika moto, kwa hiyo jiko la mkaa likae mbali. Kipimo cha asidi kikizidi mililita 5, mtapata sabuni, si mafuta.

Glisarini, ule uzito unaojitenga na bayodizeli, ikishatuama, itoeni chini. Bayodizeli iosheni kwa maji ya vuguvugu, polepole, kisha mkaushe tena. Hapa ndipo wengi huharakisha, na nozeli hulipa.

Sasa moshi. Uchambuzi wa shirika la mazingira la Marekani wa mwaka 2002, kwa bayodizeli ya soya asilimia 20 kwenye injini za malori, ulionyesha masizi kupungua kama asilimia 10 na kaboni monoksaidi 11. Oksidi za nitrojeni zilipanda asilimia 2. Anayesema hewa yote inakuwa safi anauza.

Nguvu nayo hushuka: lita moja ya bayodizeli tupu ina nishati pungufu kwa takriban asilimia 8. Ulaji ukipanda kidogo, msimlaumu fundi wa pampu.

Tazameni filta hii ilivyo nyeusi. Ni uchafu wa zamani wa tenki, bayodizeli imeubandua. Wekeni akiba ya filta mbili, na mabomba ya mafuta ya mpira wa asili badilisheni, huvimba. Mafuta ya samaki huganda kama utomvu yakikaa na hewa. Kabla mashine haijalala wiki kadhaa, iendesheni kwanza dakika kumi kwa dizeli tupu.