Kila siku, kila wiki au mara moja kwa mwaka: dozi za dawa za mifupa

Akina mama, asanteni kwa kunikaribisha. Swali nililoletewa ni hili: inakuwaje mwenzako anameza kidonge kila wiki, mwingine anachomwa sindano mara mbili kwa mwaka, na wa tatu ametundikiwa dripu akaambiwa arudi mwakani? Nani kapewa dawa bora?

Tuanze na mfupa wenyewe. Muda wote kuna seli zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga upya. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka na wabomoaji huwazidi wajenzi. Dawa nyingi tunazosema zinajenga mifupa kazi yake hasa ni kuwapunguza kasi wabomoaji.

Ndivyo zilivyo bisfosfoneti, dawa ambazo wengi huanza nazo. Alendroneti ilianza kwa miligramu 10 kila siku. Leo wengi humeza 70 mara moja kwa wiki. Hesabu ni ileile, 10 mara 7, na inawezekana kwa sababu dawa hii hunasa kwenye mfupa na kukaa humo miaka. Dozi hizo mbili zilipolinganishwa, uzito wa madini kwenye mifupa uliongezeka karibu sawa. Hapo lakini muwe macho: kilichopimwa ni uzito wa mifupa, si idadi ya waliovunjika. Ushahidi wa kuzuia kuvunjika ulitokana na kidonge cha kila siku, nasi tukauhamishia kwenye cha wiki. Mimi naona tulifanya sawa, ila mna haki ya kulijua hilo. Ibandroneti ya miligramu 150 kwa mwezi inapendwa kwa wepesi wake, lakini kwa nyonga haina ushahidi mzuri kama wa wenzake, kwa hiyo kwangu si chaguo la kwanza.

Sasa asubuhi ya kidonge. Unaamka, hujala, hujanywa chai. Unameza kwa glasi nzima ya maji matupu, halafu unakaa wima au unatembeatembea kwa nusu saa. Ibandroneti inataka saa nzima. Ukirudi kulala, kidonge kinaweza kukwama na kuunguza umio. Ukimezea chai au maziwa umekipoteza, maana hata tumbo likiwa tupu inayoingia mwilini haifiki asilimia 1. Usumbufu huu ukiwa kila siku, watu huacha. Ukiwa kila Jumapili, wanavumilia. Ukisahau siku yako, meza kesho yake asubuhi baada ya kukumbuka, kisha rudi kwenye siku yako ya kawaida. Usimeze viwili siku moja.

Asiyeweza hayo ana dripu ya asidi ya zoledroniki, miligramu 5 kwa mwaka, inayopita kwa muda usiopungua dakika 15. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2007, kwa miaka 3 ilipunguza kuvunjika kwa pingili za mgongo kwa asilimia 70 na nyonga kwa asilimia 41. Figo na kalsiamu hupimwa kwanza. Homa na maumivu ya mwili siku mbili tatu baada ya dripu ya kwanza ni jambo la kawaida.

Denosumabu ndiyo inayoninyima usingizi. Ni sindano ya miligramu 60 chini ya ngozi kila miezi 6, na ni dawa nzuri sana. Lakini haikai kwenye mfupa. Ikiisha nguvu, wabomoaji hurudi kwa hasira, na wapo wanawake waliovunjika pingili kadhaa kwa mpigo baada ya kuiacha. Kidonge cha wiki kikichelewa siku chache si msiba. Sindano hii isichelewe hata mwezi. Ukitaka kuiacha, daktari akupe kwanza dawa ya kushika nafasi yake.

Dawa zinazojenga mfupa kweli ni chache. Teriparataidi huchomwa kila siku, mikrogramu 20, kwa kawaida isizidi miaka 2. Cha ajabu, homoni ya mwilini ambayo dawa hii huiiga, ikizidi muda wote, humung'unya mfupa. Ikija kwa mshtuko mfupi wa mara moja kwa siku, huujenga. Kwa hiyo msitarajie dripu yake ya mwaka. Romosozumabu ni kila mwezi kwa miezi 12, na haifai kwa aliyepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya mwaka uliopita. Zote mbili zikimalizika hufuatiwa na dawa ya kuzuia wabomoaji, la sivyo kilichojengwa huyeyuka.

Haya, maswali. Wenye shida ya figo waanze.