Waajiri Wakuone, Matapeli Wakukose

Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho na watumishi vijana

Habari za mchana, wadogo zangu. Wakubwa mliopo, shikamooni. Naona nusu ya ukumbi imeshika simu, na mimi sina ubavu wa kushindana na simu, kwa hiyo tutazitumia hizo hizo kuangalia unavyoonekana LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi.

Fungua kivinjari, halafu fungua lile dirisha la faragha lisilokumbuka akaunti zako. Andika jina lako kamili, ongeza neno LinkedIn, tafuta. Bonyeza ukurasa wako utakapotokea. Kuna wakati itakudai uingie kwanza. Usiingie, rudi ujaribu tena kupitia matokeo ya utafutaji. Unachokiona hapo ndicho anachokiona mtu yeyote duniani, asiye na akaunti, asiyekujua, ambaye hajakuomba ruhusa. Naona kimya kimeingia. Dada pale kati anacheka, nadhani amekutana na picha ya mwaka wa kwanza.

LinkedIn ilifunguliwa mwaka 2003, Microsoft wakainunua mwaka 2016 kwa dola bilioni 26.2, na leo ina wanachama zaidi ya bilioni moja. Waajiri na wenye matangazo wanailipa ili wakupate wewe. Ndiyo maana ukifungua akaunti na kuiacha ilivyo, mambo mengi yanakuwa wazi tangu siku ya kwanza. Siwalaumu LinkedIn kwa hilo. Hata wewe ulijiunga ili uonekane. Mhitimu anayejificha kabisa halafu analalamika hapigiwi simu, huyo ananishangaza kuliko anayeanika kila kitu. Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi, ina utaratibu wake, utaomba huko na utaitwa usaili. Ila mashirika na kampuni za ushauri huwa wanatafuta watu kabla hata ya kutoa tangazo, na LinkedIn ndiko wanakopita.

Ninachokataa ni kuuona mwonekano kama swichi moja, kwamba umeuwasha au umeuzima. Kuna watazamaji wa aina tatu: dunia nzima kupitia Google, wanachama wenzako wa LinkedIn, na wale uliowakubali wewe kuungana nao. Kwenye mipangilio, sehemu ya mwonekano, unaweza kuamua kwamba dunia ione jina, picha na kichwa cha habari chako, yaani ule mstari chini ya jina unaosema wewe ni nani, lakini historia ya kazi iishie kwa wanachama. Picha ina uamuzi wake peke yake. Barua pepe nayo ina wake. Hata jina la ukoo unaweza kulibakiza herufi moja kwa ambao hamjaungana. Ukibadilisha leo usitegemee Google isahau kesho, inaweza kuchukua wiki kadhaa.

Kwa nini nasisitiza? Mwaka 2021 taarifa zinazotajwa kuwa za wanachama milioni 700 zilikutwa zikiuzwa mtandaoni. Kampuni ikasema hakuna aliyevunja mlango: kuna watu waliokomba kwa programu yale yaliyokuwa wazi, wakachanganya na ya kutoka tovuti nyingine. Nauamini utetezi huo, na ndio unaonitisha. Mwaka 2012 ilikuwa tofauti, wezi waliingia kweli wakaondoka na nywila, na mwaka 2016 ikajulikana kwamba akaunti zilizoguswa zilizidi milioni 100. Kwa wizi wa namna ile, wewe unabadilisha nywila, unawasha uthibitisho wa hatua mbili, umejikinga kwa kiasi kikubwa. Lakini hakuna nywila itakayokukinga na mtu anayenakili ulichokianika mwenyewe.

Tuje kwenye tunachoanika. Msimu wa mahafali ukifika, kijana anapiga picha cheti, anaposti na maneno ya kumshukuru Mungu. Wengine wanaweka seti nzima, kuanzia kidato cha nne. Cheti cha kidato cha nne kina namba ya mtihani. Matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, yako wazi mtandaoni kwa namba za watahiniwa. Mtu akishika namba yako anachagua mwaka, anatafuta shule, anashuka taratibu hadi kwako, na anaona Hisabati ulipata nini. (Kicheko.) Mnacheka, lakini kuna lisilochekesha: picha safi ya cheti inampa mghushi mhuri, sahihi na mpangilio mzima wa kuigia.

CV ni balaa zaidi. CV zetu tunazifahamu: tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, namba ya simu, siku hizi na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na chini kabisa wadhamini watatu na simu zao. Faili hilo linapakiwa kama lilivyo kwenye ukurasa. Karatasi hiyo ungeibandika kwenye nguzo pale stendi ya Nanenane? Wadhamini wako walikubali kupigiwa na mwajiri, hawakukubali kupigiwa na kila mtu. Weka kazi ulizofanya, ujuzi, hata mradi wa mwisho wa chuo kwa kirefu. Mengine mpe mwajiri anayeyahitaji, kwa mkono wako.

Tapeli wa sasa naye amesoma. Anakupigia anakutaja majina yako yote, kozi, mahali ulipofanyia mafunzo kwa vitendo, hadi msimamizi wako. Anasema nafasi yako ipo, imebaki ada ya vipimo vya afya, itume kwenye namba hii. Ule ujumbe wa zamani wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tulikuwa tunaufuta tukicheka kwa sababu haukujua sisi ni nani. Huyu anajua, na amejulishwa na ukurasa wako.

Sasa kuna kipengele ambacho watu wa Dodoma mnapaswa kukitazama kwa jicho la pekee. Ukifungua ukurasa wa mtu, mwenyewe anaweza kujua umepita. Unachagua uonekane vipi: kwa jina lako, kwa nusu, au usionekane kabisa. Wengi wanapenda ile nusu, wakidhani ni usalama. Ile nusu inaondoa jina lakini inaweza kuacha cheo na taasisi. Chukulia kitengo chenye mtakwimu mmoja tu. Amesikia nani atakaa kwenye jopo la usaili wake mahali pengine, usiku anakwenda kuchungulia. Asubuhi mwenye ukurasa anakuta: mtakwimu, wizara fulani. Hapa mjini wizara zimepangana pale Mtumba, watu wanakula chakula cha mchana pamoja, wanapanda daladala moja. Jina limefichwa na mtu amejulikana.

Ukijificha kabisa, unaonekana kama mwanachama wa LinkedIn basi. Gharama yake, kama akaunti yako si ya kulipia, ni kwamba na wewe hutawaona waliokutembelea. Ushauri wangu kwa anayetafuta kazi ni kupita kwa jina lako. Mwajiri akiona umemtembelea huenda naye akakutembelea. Jifiche kwa shughuli maalumu tu, ukimaliza rudisha.

Ile duara ya kijani kwenye picha inayosema unatafuta kazi: kwa mhitimu asiye na ajira, iweke bila aibu. Kwa aliye kazini, hapana. Kuna chaguo la kuwaonyesha maafisa wa kuajiri peke yao, na LinkedIn inajitahidi kuwakwepa wale wa kampuni uliyopo, lakini yenyewe inasema haiwezi kuhakikisha faragha kamili. Na hata ikifanikiwa kwa wa kampuni yako, afisa wa kampuni jirani aliyekuona anaweza kuwa ndiye anayekunywa chai na bosi wako Area C.

Mengine nayapitia haraka. Orodha ya watu ulioungana nao ifunge, ionekane kwako tu, kwa sababu anayetaka kujifanya wewe anaanzia humo. Mtu ataendelea kuwaona wale mlioungana nao nyote wawili. Ruhusa ya kutafutwa kwa namba ya simu iondoe. Ukiombwa kupakia majina yote ya kwenye simu yako, kataa, namba hizo ni za watu. Tangu Septemba 2024 kuna ruhusa ya kutumia maandishi yako kufundishia akili mnemba, na wengi waliikuta imeshawashwa. Unaweza kuizima, ila kilichokwisha kutumika hakirudi.

Sheria tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Sheria hiyo inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa kusudi gani, na ya kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Mwajiri au wakala akizitumia vibaya, una pa kulalamikia. Lakini kesi ya mtu aliyenakili ukurasa wako akiwa nchi usiyoijua utaifungua wapi, na dhidi ya nani? Hapo mipangilio inakusaidia mapema kuliko sheria.

Tuchukue swali. Ndiyo, kaka wa koti la bluu.

Anauliza kama afute akaunti atulie. Kaka yangu, sioni haja. Kama umechoka, ilaze. Kuna uamuzi wa kuilaza akaunti: ukurasa unatoweka, na pale ulipowahi kuandika jina lako linageuka kuwa mwanachama tu, na vitu vyako vinakusubiri hadi utakapoingia tena. Angalia kitu kimoja. Ukishailaza, itabidi usubiri saa 24 kabla ya kuiamsha. Kama una usaili kesho, usiilaze leo.